Serikali ikijiuzia dawa yenyewe, nani anamlinda mgonjwa?

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wagonjwa halihusu ugonjwa. Linahusu dirisha la dawa. Mtu ameonwa na daktari, amepimwa, ameandikiwa dawa, anafika dirishani anaambiwa, "Hii hatuna, kanunue nje." Anavuka barabara na duka la kwanza analoingia lina dawa ileile. Anarudi na hasira zake: "Daktari, kama dawa ipo hapo ng'ambo, zahanati inashindwa nini kutuma mtu akainunue?"

Ni swali la haki, na jibu lake halipo kwenye vitabu vya tiba. Lipo kwenye kanuni za ununuzi wa umma, karatasi ambazo sisi madaktari tumezoea kuwaachia wahasibu na maofisa ugavi. Wiki hii naomba tuweke kando presha na kisukari, tuzungumzie kanuni hizo, kwa sababu ndizo zinazoamua nini kitakuwapo kwenye kabati la zahanati yako siku utakapokihitaji.

Ununuzi usio na zabuni

Kwa kawaida, taasisi ya umma ikitaka kununua kitu cha thamani kubwa hutangaza zabuni. Wafanyabiashara wanaleta bei, kamati inazichambua, aliyeshinda anatangazwa, na aliyeshindwa ana haki ya kulalamika. Ni utaratibu mrefu na wakati mwingine unachosha, lakini upo ili fedha ya umma isiishie mfukoni mwa shemeji wa mkurugenzi.

Utaratibu huo una misamaha yake. Mmojawapo ni pale muuzaji naye anapokuwa chombo cha Serikali. Hoja ya msamaha huu ni rahisi: ikiwa zahanati ni ya Serikali na bohari ni ya Serikali, fedha inatoka mfuko wa kulia kwenda mfuko wa kushoto wa suruali moja. Ya nini mtu kujitangazia zabuni mwenyewe?

Katika sekta ya afya hapa Tanzania Bara tunakutana na msamaha huu kila siku. Dawa na vifaa tiba vya vituo vya umma huanzia Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1993. Gari la kubebea wagonjwa likiharibika, kwa miaka mingi njia yake imekuwa kupita Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA. Mafuta ya gari hilohilo hutolewa kwenye vituo vya Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, GPSA. Katika yote matatu, mganga mfawidhi hachagui muuzaji. Muuzaji amekwisha kuchaguliwa.

Kwa hiyo jibu la yule mgonjwa ni hili: zahanati haiwezi tu kutuma mtu avuke barabara. Inatakiwa kwanza iagize MSD. MSD ikisema haina, ndipo mlango wa pili hufunguka, na nao una masharti yake.

Sababu za kuutetea msamaha

Nisieleweke vibaya. Mimi si miongoni mwa wanaotaka MSD ivunjwe na kila zahanati iachwe ijinunulie sokoni. Aliyewahi kufanya kazi mbali na lami anajua kwa nini.

Kwanza, anayenunua kwa ajili ya nchi nzima hupata bei ambayo zahanati ya kijiji haiwezi hata kuiota. Mwaka 2016 kanuni zilibadilishwa ili MSD iweze kununua moja kwa moja kwa wazalishaji badala ya kupitia mlolongo wa madalali. Nchi za SADC nazo ziliichagua MSD kuratibu ununuzi wa pamoja wa dawa. Heshima hiyo haikuja bure.

Pili, dawa si sukari. Sukari mbaya utaigundua kwa ulimi, lakini dawa duni utaigundua kwa mgonjwa asiyepona, au usiigundue kabisa. Chombo kimoja chenye maghala, wafamasia na utaratibu wa kukagua shehena ni rahisi kukisimamia kuliko maelfu ya vituo, kila kimoja na msambazaji wake.

Tatu, hakuna mfanyabiashara atakayekwenda kwa hiari yake kupeleka makopo matatu ya dawa kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria au kwenye zahanati ya wafugaji huko Longido. Faida haipo. Bohari ya Serikali inatakiwa iende.

Hizo ni sababu za kweli, nami nazikubali zote. Tatizo langu linaanzia hapo zinapoishia.

Kilichoondoka pamoja na zabuni

Zabuni haikuwekwa kwa ajili ya bei peke yake. Ushindani humfanya muuzaji aogope. Mzabuni binafsi akichelewesha mzigo, mkataba wake unaeleza adhabu. Akileta pungufu, halipwi kilichopungua. Akirudia, anafutwa na anatafutwa mwingine. Hofu hiyo ndiyo inayomwamsha alfajiri apakie gari.

Tukiondoa ushindani, tunaondoa na ile hofu. Muuzaji anajua mteja hana pa kwenda. Mteja naye anajua hana wa kumwadhibu. Hapo lazima kiwekwe kitu kingine cha kufanya kazi ambayo hofu ilikuwa ikiifanya, na swali ni kama tumekiweka.

Wenzetu wa Ulaya walishalijadili jambo hili mahakamani. Halmashauri ya mji mdogo wa Viano, kaskazini mwa Italia, iliupa muungano wa halmashauri uitwao AGAC kazi ya kupasha joto majengo yake bila kutangaza zabuni. Viano yenyewe ilikuwa mwanachama wa muungano huo. Kampuni binafsi iitwayo Teckal ikalalamika kuwa imenyimwa nafasi. Shauri likafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Novemba 1999 mahakama ikatoa kanuni ambayo hadi leo inatumika: chombo cha umma kinaweza kumpa kazi chombo kingine cha umma bila zabuni ikiwa anayenunua anamdhibiti anayeuza kama anavyodhibiti idara yake mwenyewe, na ikiwa sehemu kubwa ya shughuli za anayeuza ni kuwahudumia hao wanaomdhibiti. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliandika kanuni hiyo kwenye sheria yake ya manunuzi na kuweka kipimo: zaidi ya asilimia 80 ya shughuli ziwe za kuwahudumia hao. Ukaongeza kwamba, kwa kawaida, mtaji wa mtu binafsi usiwemo ndani ya chombo hicho. Uingereza, hata baada ya kujitoa Umoja wa Ulaya, imebaki na msamaha wa namna hiyo katika sheria yake mpya ya ununuzi iliyoanza kutumika Februari 2025.

Sizitaji sheria za Ulaya ili tuzinakili. Nazitaja kwa sababu ya neno moja lililomo: udhibiti. Mahakama haikusema "wote ni wa Serikali, basi yameisha." Ilitaka kujua kama anayenunua ana nguvu juu ya anayeuza. Msamaha wa zabuni unahalalishwa na nguvu hiyo. Ikiwa unaweza kumwita meneja wa muuzaji, kumhoji na hata kumwondoa, huhitaji soko likusaidie kumnyoosha.

Sasa tuje nyumbani. Zahanati na vituo vya afya vipo chini ya halmashauri, na halmashauri zipo chini ya TAMISEMI. MSD ipo chini ya Wizara ya Afya. TEMESA ipo chini ya wizara inayoshughulikia ujenzi. Mganga mfawidhi wa zahanati hana hata namba ya simu ya mtu anayeweza kumwamuru meneja wa kanda. Ni kweli Serikali ni moja, lakini anayeagiza na anayeamrishwa kuleta hawakutani mpaka juu kabisa, kwenye meza ambayo zahanati ya kijiji haifiki. Tumechukua msamaha wa ndugu wa nyumba moja tukawapa ndugu wanaoishi mikoa tofauti wasiopigiana simu.

Mgonjwa hasubiri mzunguko

MSD sasa husambaza dawa mara sita kwa mwaka, kutoka mara nne za awali. Hayo ni maendeleo. Lakini piga hesabu ya upande wa pili: dawa ikikosekana kwenye mzunguko mmoja, mzunguko unaofuata uko miezi miwili mbele. Mjamzito aliyekuja kliniki akiwa na miezi saba atakuwa amejifungua.

Chukua sindano ya oksitosini. Mama anapojifungua tunamchoma dozi ndogo ya uniti 10 ili kizazi kikaze na damu isimtoke kupita kiasi. Ni sindano ya bei ndogo. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili. Saa mbili hizo hazina nafasi ya kujaza fomu. Isitoshe, oksitosini inataka ubaridi wa nyuzi joto 2 hadi 8, kwa hiyo ndugu akitumwa kuinunua usiku kwenye duka lisilo na friji, anaweza kurudi na kichupa kizuri chenye dawa isiyofanya kazi.

Chukua magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Haina mbadala wa kueleweka katika kituo cha afya. Chukua insulini kwa mtoto mwenye kisukari. Daktari yeyote aliyewahi kukesha wodini anajua kwamba orodha ya dawa ambazo haziwezi kusubiri ni fupi, na anaweza kukutajia bila kufungua kitabu.

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, zimetaja kwa miaka tofauti vituo kuletewa pungufu ya walichoagiza. Wabunge na madiwani nao wamelalamikia mara kwa mara gharama na ucheleweshaji wa matengenezo ya magari ya Serikali. Gari la mkurugenzi likikaa gereji mwezi mzima, mkurugenzi ataazima jingine. Gari la wagonjwa likikaa mwezi mzima, mama mwenye uchungu pingamizi atapanda bodaboda.

Lakini deni lipo pande zote mbili

Ingekuwa dhambi kuishia kwa muuzaji. Ripoti hizohizo za CAG zimekuwa zikitaja madeni ambayo Serikali na vituo vyake wanadaiwa na MSD. Bohari isiyolipwa haiwezi kuwalipa wazalishaji, na mzalishaji asiyelipwa hapakii shehena. Kwa hiyo zahanati inalalamika haikuletewa dawa, bohari inalalamika haikulipwa, na wote wawili wanasema kweli.

Mfanyabiashara binafsi angekwenda mahakamani. Chombo cha Serikali hakimshtaki mwenzake kirahisi, wanaandikiana barua. Barua zinapishana mwaka mzima, na hakuna hata upande mmoja unaoumia. Anayeumia ni yule aliyesimama dirishani, ambaye hakuwa sehemu ya mkataba wala hajui kwamba kuna mkataba. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Biashara ya ndugu inahitaji daftari kuliko biashara ya wageni, kwa sababu wageni wana mahakama.

Mlango wa pili ulishafunguliwa

Habari njema ni kwamba dawa ya tatizo hili tunayo humu humu nchini. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma ulianza kujaribu Mfumo wa Mshitiri, maarufu kama Jazia. Mkoa unatangaza zabuni, unamchagua msambazaji binafsi mmoja, unakubaliana naye bei na masharti, kisha vituo vyote vya mkoa vinanunua kwake kile tu ambacho MSD haina. Mwaka 2018 mfumo ukapelekwa nchi nzima.

Angalia ulivyopangwa. MSD imebaki kuwa wa kwanza. Msamaha wa zabuni haukufutwa. Lakini mshitiri ana mkataba ulioandikwa, bei zilizokubaliwa na utendaji unaopimwa, na akizembea anaweza kuondolewa. Yaani msambazaji wa akiba amebanwa kwa maandishi kuliko msambazaji mkuu. Ninachoomba ni kwamba mkuu naye abanwe hivyohivyo.

Napendekeza mambo manne.

La kwanza, pawe na mkataba wa huduma kati ya MSD na kila halmashauri, wenye tarehe ya kufikisha mzigo, kiwango cha chini cha kutimiza oda na hatua zinazofuata kisipofikiwa. Uwe na kifungu kinachoibana halmashauri kulipa kwa wakati. Vivyo hivyo kwa matengenezo ya magari ya wagonjwa: idadi ya siku iandikwe, na siku hizo zikipita bila gari kutoka, halmashauri iwe huru kulipeleka gereji nyingine iliyoidhinishwa.

La pili, Wizara itengeneze orodha fupi ya dawa za kuokoa maisha. Kwa dawa hizo, bohari ikisema tu kwamba haina, ruhusa ya kununua kwa mshitiri ipatikane palepale bila barua wala kusubiri saini ya wilayani.

La tatu, takwimu zitoke hadharani. Kila baada ya usambazaji, kila kituo kibandike ukutani kiliagiza nini, kilipata nini, na kinadaiwa kiasi gani. Nimesema ukutani, kwa sababu tovuti haisomwi na bibi aliyekuja na mjukuu wake.

La nne, madeni ya zamani yahakikiwe na yalipwe kwa ratiba inayojulikana. Huwezi kumdai mtu nidhamu huku unamdai na uvumilivu.

"Mtafungua mlango wa wizi"

Najua nitajibiwa kwamba kulegeza masharti ni kukaribisha dawa bandia na asilimia kumi za chini ya meza. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana sisemi kila mganga mfawidhi apewe fedha akanunue anapotaka. Nasema wanaouziana bila zabuni waandikiane masharti, na mlango wa pili ulio na zabuni ufunguke haraka zaidi.

Pia tusijidanganye kwamba muuzaji akiwa wa Serikali basi wizi umezibwa. Mwaka 2020 jirani zetu Kenya walitikiswa na kashfa ya ununuzi wa vifaa vya Uviko-19 kupitia KEMSA, bohari yao ya umma, na viongozi wake wa juu wakasimamishwa kazi. Jina la Serikali mlangoni halikutosha kuilinda fedha ya wananchi. Kinacholinda ni mkataba unaosomeka na mtu mwenye mamlaka ya kuuliza.

Jambo hili limekuwa la haraka kuliko zamani. Tayari tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Tunawaomba wananchi walipe kabla hawajaugua, kwa ahadi kwamba wakiugua watahudumiwa. Mtu aliyelipa mchango wa mwaka mzima, akafika dirishani akaambiwa akanunue nje kwa fedha yake, hatalipa mwaka wa pili. Wala hutamlaumu.

Wewe unaweza kufanya nini

Kila zahanati na kituo cha afya cha umma kinatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Wapo watu wa kijiji chako au mtaa wako humo. Wajue kwa majina. Mkutano ujao wa kijiji ukifika, waulize maswali matatu: oda ya mwisho ilitumwa lini, tulipata dawa ngapi kati ya tulizoagiza, na zile zilizokosekana ziliombwa kwa mshitiri au la? Hayo si maswali ya kitaalamu. Mtu yeyote anayetuma mtoto dukani humuuliza hivyohivyo akirudi.

Ukiambiwa dirishani "hatuna", usimtukane mtoa dawa. Mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kujua na wa kwanza kulaumiwa. Mwombe akuandikie jina la dawa iliyokosekana na tarehe, kisha ipeleke karatasi hiyo kwa mwakilishi wako kwenye kamati. Karatasi moja ni malalamiko ya mtu. Karatasi 30 za mwezi mmoja ni ushahidi, na diwani atakayezibeba kwenda kwenye baraza la halmashauri atakuwa na cha kusema.

Serikali ina haki ya kujiuzia dawa bila kutangaza zabuni. Sisi tunaozitumia dawa hizo tuna haki ya kujua wameandikiana nini.